Gari la Viti Viwili

Neno alilomwambia mumewe asubuhi ile lilikuwa moja tu, nalo alilirudia mara tatu kama anayemwagiza mtoto dukani: usirudi. Okeny akanyamaza. Na Akwero, aliyeishi na mwanamume huyo miaka kumi na miwili, alipaswa kujua kwamba Okeny akinyamaza hajakubali, amekataa tu bila kelele. Lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kusoma kimya cha mtu. Maji yalikuwa yamefika shingoni.

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu mchana, Jumamosi ya mwezi wa tatu, mwaka sabini na saba, na Akwero alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwa Meja, juu ya kilima cha Kololo. Amewekwa rehani. Ndiyo, rehani, mke wa mtu mzima. Meja huyo, ambaye jina lake nitalimeza kwa sababu mdomo wangu umezoea kuogopa hata leo, hakuwa mjinga. Okeny, fundi aliyekuwa akimtengenezea gari lake, alipomwomba karatasi ya kulijaribu gari mpaka Jinja na kurudi, yeye na msaidizi wake anayemngoja mjini, Meja aliiandika, akaigonga muhuri, kisha akasema mama abaki amtengenezee chai. Gari likirudi saa tisa na nusu, mama ataondoka. Lisiporudi, hapo Meja hakumalizia, na hakuna aliyemwomba amalizie.

Msaidizi mwenyewe hakujua hata kufungua nati. Alikuwa Ochan, mdogo wake Akwero wa tumbo moja, koplo wa polisi, ambaye jina lake lilisomwa kambini pamoja na majina mengine ya Waacholi na Walango, makabila yaliyokuwa yakiwindwa na wanajeshi. Wote walioitika siku ile hawakuonekana tena. Ochan hakuitika. Siku tisa alijificha darini katika nyumba ya dada yake kule Lubaga, akishuka kula na kwenda haja, mtu mzima na ndevu zake, akiogopa hata kupiga chafya. Okeny angemchukua nyuma ya kanisa kuu, Ochan akiwa ndani ya ovaroli iliyolowa oili, na karatasi ya Meja ingewavusha vizuizi vyote. Wanajeshi wa njia ile walilijua gari. Nani angethubutu kulisimamisha gari la Meja amwulize fundi wake kabila lake?

Okeny naye alikuwa na kifo chake kilichopangiwa siku. Jumatano ya wiki ile, Akwero akiwa jikoni kwa Meja, alimsikia kupitia kuta mbili akizungumza kwenye simu. Meja alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kuni: "Huyo fundi Mwacholi ninamhitaji mpaka Jumamosi tu. Gari ikipona, mje mumchukue." Akwero aliendelea kumenya matoke. Alimenya mpaka kisu kikamkata kidole, na hata hapo aliendelea.

Basi mkapige hesabu wenyewe. Watu watatu, gari la viti viwili. Ijumaa usiku walibishana kwa minong'ono, Ochan akisikiliza darini. Okeny alisema binamu yake Augustin, dereva wa lori la sukari liendalo Kenya, atakuwa Jinja siku ya pili. Atamkabidhi Ochan kwake, kisha yeye arudi Kololo. Akwero akamwuliza anarudi kufanya nini, kujipeleka mwenyewe kwa wachinjaji? Akamwambia waende wote wawili mpaka Busia, mpakani mwa Kenya, wavuke, wasitazame nyuma. Yeye ni mwanamke, atajua la kumwambia Meja. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu. Hakujua la kumwambia Meja, wala hakuwa na hakika ya kuiona Jumapili.

Kilichomfikisha kwenye kigoda kile kilikuwa masikio yake, yale yale yaliyompatia mume. Sura pia alikuwa nayo, asikudanganye mtu. Lakini mwaka sitini na nne, alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane anayewapelekea mafundi chai na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, katika gereji ya Mzee Hirji, nyuma ya Kikuubo, kila mtu pale aliziangalia kabalagala zake kwanza. Jumapili aliimba kwaya katika kanisa kuu la Lubaga. Siku za kazi alibeba birika.

Mzee Hirji alikuwa na gari lake la michezo, la Kiingereza, kijani, halina paa, viti viwili na kabureta mbili zilizokaa sambamba. Gari la namna hiyo haliponi kwa kutazamwa. Fundi huchukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza inavyovuta pumzi. Kisha anahamia ya pili. Anakaza skrubu hapa, analegeza pale, mpaka zote mbili zipumue sawa. Okeny, kijana mwembamba mwenye majivuno yasiyo na kiasi, alikuwa ameinama hapo tangu asubuhi. Akwero akaweka birika chini, akasema ile ya nyuma inaimba chini kidogo. Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Hirji hakucheka. Alimpokonya Okeny mpira akampa yule msichana, na dakika kumi baadaye injini ilikuwa imetulia na Okeny hana pa kuuweka uso.

Toka siku hiyo akawa msikilizaji. Hiyo ilikuwa sheria ya gereji: gari la kabureta mbili halikabidhiwi mwenyewe mpaka msikilizaji aketi kiti cha kushoto, dereva alitimue barabarani, naye aseme basi, limepona. Kwani kasoro inayojificha uani hujitokeza mwendoni. Na kasoro za gari lile, niwaambieni, zilikuwa nyingi ajabu siku za Jumapili baada ya misa. Mzee Hirji alijua. Aliwapa ufunguo akajifanya anasoma gazeti.

Wakashuka njia ya Entebe, upepo ukimnyang'anya Akwero kitambaa cha kichwa, harufu ya ziwa ikiwapiga usoni, Okeny akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya ya makusudi ili msichana amkosoe. Walikuwa vijana, nchi yenyewe ilikuwa changa, na petroli ilikuwa kitu cha kununua tu. Njia ya Gayaza ndiko alikomfundisha kuendesha. Siku ya tatu Akwero aliliingiza gari kwenye rundo la kabichi pale Kalerwe, mwenye kabichi akawatukana kwa Kiganda mpaka babu zao, wakazinunua zote zilizopasuka, wakala kabichi wiki nzima. Kabichi ya mwisho ilipoisha Okeny alimwambia anataka kumwoa. Mungu hakuwajalia mtoto, na majirani wenye midomo wakasema aliyependa gari la viti viwili kapewa nyumba ya watu wawili. Neno hilo lilimliza Akwero miaka mingi, kisha akalizoea.

Mwaka sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa, Mzee Hirji alimwachia Okeny ufunguo na kumwomba alitunze. Alilitunza siku mbili. Siku ya tatu walikuja wenye bunduki, gari likagawiwa Meja, naye akaliendesha kama trekta mpaka likazimika. Lilikaa chini ya turubai miaka mitatu, kuku wakitaga kwenye kiti cha Akwero, hadi mtu alipomtajia Meja fundi Okeny na mkewe mwenye masikio.

Na hapa kuna jambo la aibu, lakini nitalisema. Wiki ile ya kulitengeneza gari, walikuwa na furaha. Ndugu yao yuko darini, askari yuko getini, na wao wawili wameinama juu ya injini, mpira ukipita kutoka sikio hadi sikio, wakisukumana mabega kama zamani. Okeny akajisahau. Meja alipokuja kutazama kazi, akamsimulia habari za kabichi za Kalerwe, na jinsi mkewe baadaye alivyokuja kuwa dereva bora kuliko yeye. Meja alicheka mpaka akafuta machozi. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu.

Sasa Meja alitoka barazani na kutazama saa yake. Alikuwa hajakasirika bado. Alimwuliza Akwero kwa upole gari lake liko wapi. Wiki nzima alikuwa amejionea jinsi mwanamke huyu anavyolisikia lori la kambi na kulitaja kabla hata mlinzi hajainua kichwa, akawa anajisifia kwa wageni kwamba ana mama mwenye masikio ya mbwa. Akwero akainamisha kichwa, akasikiliza. Chini kule mji ulikuwa kimya kwa uhaba wa petroli. Kulikuwa na jogoo, na mtu anayegonga bati. Gari halikuwepo.

"Liko Nakawa, afande," akasema. "Amelisimamisha kidogo lipoe."

Meja akaridhika, akaingia ndani. Na uongo ukishaanza huwa hauachi kudai. Baada ya robo saa Akwero alisema gari limegeuka tena kuelekea Kireka, fundi hajaridhika na gia ya tatu. Baada ya nusu saa akasema linarudi, sikilizeni, lile pale linapanda. Akamweleza Meja jinsi kabureta ya nyuma inavyovuta, jinsi dereva anavyobadili gia kwa ustaarabu, na Meja akatega sikio kwa bidii, asisikie kitu, akaona ubaya uko kwenye masikio yake. Akwero aliliendesha gari lile kwa mdomo tu, kona kwa kona, na kila kona aliyoitaja aliiona ile waliyopita wakiwa vijana. Moyoni alikuwa akipiga hesabu nyingine. Wamevuka daraja la mto. Wameipita Iganga. Saa kumi na moja watakuwa Busia. Ee Bikira Maria, nipe mpaka saa kumi na moja tu, halafu wanifanye watakavyo. Akajikaza kisabuni.

Saa kumi na nusu upole wa Meja uliisha. Alisimama mlangoni, akasema anaona mama anamchezea. Akaingia ndani, akainua simu ili awaambie walinzi wa daraja la Jinja walizuie gari. Simu za siku zile mnazijua. Unainua, unangoja mtu wa mitambo aamke.

Na hapo ndipo Akwero alipolisikia, kweli kweli. Mbali, upande wa Nakawa, jembamba kama mlio wa mbu, gari lenyewe. Lilikuwa linarudi. Aliomba Mungu liwe jingine, na masikio yake, yasiyowahi kumdanganya, yalikataa. Lilipanda kwa wepesi, limebeba mtu mmoja. Kwa hiyo Ochan yuko kwa Augustin, amepona. Na mpumbavu yule, mwanamume wake, kichwa chake kigumu kama nanasi bichi, amefika Jinja, njia ya Kenya imelala wazi mbele yake, amegeuza gari.

Furaha ilimpanda, na hasira ikaifuata nyuma nyuma, kisha hofu ikazimeza zote mbili. Meja akatoa kichwa mlangoni, simu bado sikioni, akamwuliza kwa mara ya mwisho kama anasikia chochote.

"Sisikii kitu, afande," akasema Akwero, akitumaini labda Okeny ataingiwa na akili hapo chini, ageuze.

Dakika mbili baadaye Meja alilisikia mwenyewe. Akairudisha simu mahali pake, akacheka, akamwambia mama masikio yake yamezeeka ghafla. Gari liliingia getini. Okeny akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, akapiga saluti ya kiraia, akasema anaomba radhi kwa kuchelewa. Msaidizi amemshusha mjini. Gari liko vizuri, ila lina kikohozi kidogo kwenye mwendo, na hawezi kukijua kinatoka wapi huku ameshika usukani. Sheria ya kazi hii, afande anaijua: lazima msikilizaji aketi kushoto. Amruhusu mama, washuke mpaka chini ya kilima na kurudi, dakika kumi tu.

Akwero akaelewa yote mara moja. Hakurudi kufa. Amerudi kumchukua. Amekitoboa kizuizi cha Meja kwa sheria ya Mzee Hirji, viti viwili kwa watu wawili, karatasi bado iko garini, Augustin anangoja. Alisimama kutoka kwenye kigoda akijizuia asikimbie. Hatua nne zilimtenga na mlango ule wa kushoto.

Meja aliwatazama, yeye, halafu mumewe, halafu gari. Hakuwa mjinga, nimeshasema.

"Mama si ndiye yule wa kabichi?" akasema. "Basi aendeshe mwenyewe, na asikilize mwenyewe. Wewe fundi, kaa hapa tunywe chai."

Okeny alijaribu. Alisema mke wake hajashika usukani miaka mitano, gari ni kali, litamshinda. Meja akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema mama anamshinda yeye, au alikuwa anamdanganya mkubwa? Kile kisa kitamu cha ujana wao, alichokitoa kwa furaha ya siku moja, ndicho kilichokuwa kimemkaba. Okeny akamfungulia mkewe mlango wa kulia, akainama kukisogeza kiti mbele ili miguu yake ifike, na katika kuinama huko akasema kwa Kiacholi, polepole, "Wanangoja Jinja mpaka saa kumi na mbili. Petroli inatosha. Nenda, Akwero. Nakusihi."

Akaenda kukaa kwenye kigoda.

Akwero alitoka getini. Mguu wa kushoto uliikumbuka klachi kabla kichwa hakijakumbuka, mkono ukaijua gia, na kilima cha Kololo kikaanza kuteremka chini yake. Upepo ukamvua kitambaa. Hakukishika. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo alikuwa na miaka kumi na minane, ngozi ya uso imevutika, na gari likimtii kama lililomngoja yeye peke yake miaka yote ile. Machozi yalikuwa yakimtoka na upepo unayakausha. Aligeuka kushoto kumwambia Okeny jambo, kiti kilikuwa kitupu.

Kikohozi kilikuwepo kweli. Kabureta ya nyuma. Alikisikiliza, akajua skrubu gani, na akajua imelegezwa na mkono unaojua, si zamani, labda pale Mukono. Okeny, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha injini ikikosea hata nusu ya pumzi, ameliharibu gari kwa mkono wake ili kikohozi alichomtajia Meja kisiwe uongo mtupu.

Kwenye njia panda ya barabara ya Jinja alisimamisha gari. Kushoto kulikuwa Jinja, na ndugu yake, na Kenya. Askari wawili wa kizuizi waliliona gari la Meja wakanyoosha migongo. Mmoja akampigia saluti. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu, imenyooka. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro kidogo. Mwendo wa saa moja na dakika chache mpaka Jinja, kwa gari hili, hata likikohoa.

Akafikiri: nikienda, wanamchukua kabla jua halijatua. Nikirudi, gari ni gonjwa bado, na fundi wa gari gonjwa hauawi. Akafikiri pia kwamba asubuhi ile, alipokuwa akimwagiza usirudi, usirudi, alidhani anampa mumewe zawadi. Hakujua alikuwa anampa mzigo gani. Sasa ulikuwa kwenye mapaja yake mwenyewe, na hakuna binadamu aliyeumbwa kuubeba. Alimtukana Okeny kwa sauti, tusi baya la Kiacholi ambalo mama yake angempiga kofi kwa kulitamka. Alilia. Askari wakatazama pembeni.

Kisha akaingiza gia ya kwanza, akageuza gari barabara nzima, akarudi alikotoka.

Okeny alipoliona linaingia getini alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa, alimtazama mkewe kwa hasira ya kweli, hasira ile ile aliyokuwa nayo Akwero nusu saa iliyopita, na Akwero akaipokea bila kuinamisha macho. Meja alikuwa na kikombe mkononi. Aliuliza kama limepona.

"Bado, afande. Ni kabureta ya nyuma. Inataka wiki mbili."

"Mbili nyingi," akasema Meja. "Wiki moja. Mpaka Jumamosi."

Akwero alisimama kando ya mumewe. Alijua Jumamosi hiyo itakuja na akina nani, wale wa kwenye simu watakaokuja kumchukua Okeny. Alihesabu siku zilizobaki, zikawa saba, na katika zote Okeny yuko kando yake.

"Asante, afande," akasema, na alishukuru kwa moyo wake wote.